Lorenz Aliandika kwa Kidenmark, Dunia Ikasema Mie

Mtu yeyote aliyeishi kwa nyumba ya mabati anaujua ule mwale wa jua unaopenya kwa tundu la msumari. Unashuka kama mstari mweupe hadi sakafuni, na ndani yake vumbi linacheza. Sasa jiulize: huo mstari unauonaje? Mwanga wenyewe hauji kwa jicho lako, unaenda zake sakafuni. Kama hewa ingekuwa safi kabisa ungeona doa jeupe hapo chini, basi. Unauona mwale kwa sababu kila chembe ya vumbi inadaka mwanga kidogo na kuutupa huku na huku, na sehemu ndogo ya ule uliotupwa ndiyo inakufikia wewe.

Hiyo inaitwa kutawanyika kwa mwanga. Swali lake linaonekana la mtoto wa darasa la nne: chembe moja ya mviringo kama gololi, lakini ndogo kuliko upana wa unywele, ikipigwa na mwanga inautupa upande gani, kiasi gani, na rangi gani?

Wasee, hilo swali limekula watu zaidi ya miaka 100. Na jibu lake linatembea na jina la mtu ambaye hakuwa wa kwanza kulipata. Nataka niwape stori yote, halafu mwishoni niseme kile naona inatuambia sisi tunaongea Kiswahili.

Anga, maziwa na ukungu wa Limuru

Mwaka wa 1869, John Tyndall, mwanafizikia mzaliwa wa Ireland aliyefanya kazi Royal Institution huko London, alijaza mvuke kwa mrija wa glasi na kupitisha mwale mkali katikati. Mvuke ulipoanza kugeuka kuwa vijichembe vidogo sana, ndani ya mrija kulitokea wingu la samawati, rangi ileile ya anga. Chembe zilipozidi kukua, samawati ikafifia na wingu likawa jeupe.

Miaka 2 baadaye, 1871, Lord Rayleigh akaleta hesabu yake. Alionyesha kwamba chembe ikiwa ndogo sana kuliko urefu wa wimbi la mwanga, basi mawimbi mafupi yanatawanywa zaidi, na si kidogo. Ukikata urefu wa wimbi nusu, mwanga unaotawanywa unaongezeka mara 16. Mawimbi ya samawati ni mafupi kuliko ya nyekundu, kwa hivyo samawati inatawanywa karibu mara 6 zaidi. Ndiyo maana ukiangalia juu mchana unaona samawati, na jioni, jua likiwa chini na mwanga wake umekata hewa nyingi, samawati imeshatupwa njiani na unabaki na chungwa na nyekundu.

Hii unaweza kuijaribu leo usiku. Jaza glasi maji, tia matone machache tu ya maziwa, koroga, zima taa, washa tochi ya simu upande mmoja. Ukiangalia glasi kutoka pembeni, maji yana usamawati fulani. Ukiangalia moja kwa moja kuelekea tochi, mwanga umegeuka wa manjano au chungwa. Umetengeneza anga na machweo kwa glasi moja, bila kulipa mtu.

Lakini hesabu ya Rayleigh ina mpaka wake. Uliza dereva yeyote wa matatu anayepanda kutoka Naivasha usiku. Akifika sehemu za Kinungi na Limuru ukungu umeshuka, akiwasha taa kubwa anaona ukuta mweupe. Mbona ukungu si samawati kama anga? Kwa sababu tone la ukungu ni kubwa mara nyingi kuliko wimbi la mwanga, na kwa ukubwa huo rangi zote zinatupwa karibu sawa. Rangi zote zikichanganyika, ni nyeupe.

Sawa. Chembe ndogo sana tunajua, chembe kubwa tunajua. Shida iko katikati, pale chembe na wimbi vinakaribiana ukubwa. Hapo ndipo mambo yanakuwa noma.

Na watu walikuwa wameshaona maajabu ya hapo katikati zamani sana. British Museum kuna kikombe cha Kirumi cha karne ya 4, kinaitwa Lycurgus Cup. Mwanga ukikipiga kutoka mbele ni cha kijani, ukiweka taa ndani kinakuwa chekundu. Siri yake ni vijichembe vya dhahabu na fedha ndani ya glasi. Mwaka wa 1857 Michael Faraday, mtoto wa mhunzi aliyejifunza kazi ya kujalidi vitabu na hakuwahi kukanyaga chuo kikuu kama mwanafunzi, alieleza jinsi alivyotengeneza maji mekundu kama rubi kwa kuacha chembe za dhahabu zielee ndani yake. Baadhi ya chupa zake bado zimewekwa Royal Institution. Dhahabu, lakini nyekundu. Hakuna aliyeweza kukokotoa kwa nini.

Mtu wa Copenhagen

Sasa ingia Ludvig Lorenz. Huyu alizaliwa 1829 mji wa Helsingør, Denmark. Kwa miaka mingi alikuwa mwalimu katika shule ya kijeshi Copenhagen. Kuanzia 1887 akapata msaada kutoka kwa Wakfu wa Carlsberg, ndio, Carlsberg hiyohiyo ya bia, na hapo akaweza kuacha kufundisha na kukaa na utafiti wake.

Mwaka wa 1890 akatoa kazi ambayo ndiyo moyo wa stori hii. Alichukua tufe moja, akalipiga na mwanga, na akapata jibu kamili: mwanga unakuwaje ndani ya tufe, unakuwaje nje, kwa ukubwa wowote. Sio kwa chembe ndogo tu kama Rayleigh.

Alifanyaje? Acha nitumie mfano wa wale tunahariri sauti. Unajua ekwalaiza: wimbo mmoja unaugawa kuanzia besi hadi sauti nyembamba, na kila sehemu ina kitelezi chake unachopandisha au kushusha. Hesabu ya tufe inafanya hivyo kwa mwanga. Unagawa mwanga unaokuja kuwa mawimbi mengi ya mviringo, la kwanza, la pili, la tatu, na kuendelea. Kila wimbi linakutana na tufe kivyake, na tufe linalijibu kwa nguvu fulani inayotegemea ukubwa wake na kile limetengenezwa nacho. Ukijua jibu la kila wimbi, unajumlisha yote, na hapo una picha nzima: mwanga unaenda wapi, kiasi gani, rangi gani.

Kazi hiyo ilichapishwa na chuo cha kifalme cha sayansi cha Denmark. Kwa Kidenmark. Mwaka uliofuata, 1891, Lorenz akafariki akiwa na miaka 62. Nje ya kwao, karibu hakuna aliyesoma.

Na huyu mtu alikuwa na bahati mbaya na majina pia. Kulikuwa na Mholanzi anaitwa Hendrik Lorentz, na herufi T ndani, aliyekuja kupata Nobeli mwaka wa 1902. Hao wawili, kila mmoja kivyake, walifikia fomula moja kuhusu jinsi mwanga unavyopinda ndani ya vitu, na hadi leo fomula hiyo inabeba majina yote mawili yakifuatana kama mapacha. Kuna kanuni nyingine ya umeme na sumaku ambayo Mdenmark wetu aliandika 1867, na vitabu vingi vimeiandika kwa jina la Mholanzi. Yaani hata pale wamemkumbuka, wanamkumbuka kama mtu mwingine.

Miaka 18 baadaye

Mwaka wa 1908, Mjerumani Gustav Mie, profesa kule Greifswald, alikuwa anasumbuliwa na swali la Faraday: mbona chembe za dhahabu majini zina rangi zile? Alianza na milinganyo ya Maxwell ya umeme na sumaku, akatatua tatizo la tufe, akaonyesha jinsi rangi inavyobadilika chembe zikikua. Akachapisha kwa Annalen der Physik, jarida lilelile ambalo Einstein alichapishia kazi zake kubwa za 1905.

Jibu la Mie, ukiliweka kando ya la Lorenz, kimsingi ni hesabu moja. Kila mmoja alifika kwa njia yake. Lakini Mie aliandika kwa lugha ambayo wanafizikia wote wa wakati ule walilazimika kusoma. Basi dunia ikasema nadharia ya Mie, mtawanyiko wa Mie, Mie hivi, Mie vile. Lorenz akabaki kwa kabati.

Hapa kuna mtu ameshanijibu kichwani: "Si unaona? Angeandika kwa lugha kubwa. Ndiyo maana tunawaambia muwache hizi mambo za Kiswahili kwa sayansi." Ngoja kidogo. Stori haiko rahisi hivyo, na kuna vitu viwili vinaiharibu.

Cha kwanza, kazi za Lorenz zilitafsiriwa kwa Kifaransa na kuchapishwa Copenhagen kati ya 1898 na 1904. Kifaransa, tena kabla ya Mie kuandika neno. Tafsiri ilikuwepo na bado hakuamka.

Cha pili ndicho kinanifurahisha zaidi. Mie mwenyewe, na Kijerumani chake na jarida lake kubwa, makala yake ililala pia. Kwa miongo kadhaa watu wachache sana waliigusa. Sababu haikuwa lugha. Sababu ilikuwa kazi ya mkono. Kumbuka vile vitelezi vya ekwalaiza. Kwa chembe ndogo ya dhahabu unahitaji vichache tu vya mwanzo, na Mie aliweza kuvikokotoa kwa kalamu. Lakini chukua tone la mvua lenye kipenyo cha milimita 1: unahitaji zaidi ya vitelezi 6,000, na kila kimoja ni hesabu ndefu. Nani atakaa na kalamu kufanya hivyo? Hakuna.

Kilichoamsha hiyo makala ni kompyuta. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mashine zikaanza kukokotoa, na watu walikuwa na haja: rada, mawingu, moshi, rangi za kuta, vumbi la angani. Mwaka wa 1957 Mholanzi Hendrik van de Hulst akatoa kitabu kizima kuhusu chembe ndogo na mwanga, na kikawa kama mwongozo wa kila mtu. Mwaka wa 1965 mtafiti mmoja, Nelson Logan, akaandika historia ya watu wote waliowahi kupambana na tatizo la tufe, na hapo Lorenz akatolewa kwa kabati. Tangu hapo kuna wanaosema nadharia ya Lorenz-Mie. Wengine bado wanasema Mie tu, kwa mazoea.

Leza iliharibu kila kitu

Sasa tuje kwa mwanga wenyewe, kwa sababu Lorenz na Mie walikuwa na dhana moja sawa ambayo hawakuwa na haja ya kuihoji. Wote walisema: mwanga unaokuja ni wimbi bapa. Yaani ni mpana bila mwisho, na una nguvu sawa kila mahali, kama mwanga wa jua ukifika duniani.

Fikiria mpira wa miguu uko katikati ya uwanja na mvua inanyesha. Mvua haijali mpira uko wapi. Usogeze mita 10, utanyeshewa vilevile. Hilo ndilo wimbi bapa. Sasa mvua imeisha, chukua paipu ya maji yenye presha, uelekeze kwa ule mpira. Ukipiga katikati, unasukumwa mbele. Ukipiga pembeni, unazunguka. Ukikosa, hakuna kitu. Ghafla mahali mpira ulipo ndiyo kila kitu, na umbo la maji yanayotoka kwa paipu ndiyo kila kitu.

Tarehe 16 Mei 1960, Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza huko Malibu, California. Leza ndiyo paipu. Unaweza kuukaza mwale wake kwa lenzi mpaka upana wake ukaribie mikrometa 1, yaani mwembamba kuliko chembe unayoipiga. Upande mmoja wa tufe unachomwa na mwanga, mwingine uko gizani. Hesabu ya 1890 na 1908 haina mahali pa kuweka hiyo habari. Ilikuwa sahihi kabisa, kwa swali ambalo halikuwa tena swali.

Waliolivaa tatizo hili kwa muda mrefu ni Wafaransa wawili wa Rouen, Gérard Gouesbet na Gérard Gréhan, pamoja na wenzao. Walikuwa kwenye mazingira ya utafiti wa moto na mafuta: mtu anataka kujua ukubwa wa matone ya mafuta yanayonyunyizwa ndani ya injini bila kuyagusa, kwa kuyapiga leza tu na kusoma mwanga unaotawanyika. Kama nadharia yako inadhani leza ni jua, utasoma ukubwa usio.

Mwaka wa 1982 walichapisha makala kuhusu kuipanua nadharia ya Lorenz-Mie. Angalia vizuri: waliweka Lorenz kwanza, na wakaandika kwa Kifaransa. Mwaka wa 1988, pamoja na Bruno Maheu, wakatoa kwa Kiingereza hesabu kamili ya tufe lililo mahali popote ndani ya mwale wa leza. Mwaka huohuo kikundi kingine Marekani, cha John Barton na wenzake, kilitoa njia yake ya kufanya kazi kama hiyo.

Wazo lao ni zuri kwa sababu ni la adabu. Hawakutupa kazi ya wazee. Walisema tufe linajibu kila wimbi vilevile kama Lorenz na Mie walivyosema, hapo hatugusi. Kinachobadilika ni vitelezi vya mwanga unaoingia. Kwa wimbi bapa, vitelezi vimepangwa tayari, kama mpangilio unaokuja na programu. Kwa mwale wenye umbo, unapanga kila kitelezi upya kulingana na umbo la mwale na mahali tufe lilipo ndani yake. Ukishapanga, mashine ya zamani inaendelea na kazi.

Kupanga hivyo vitelezi ndiko kulikokuwa kazi ngumu, kwa sababu kila kimoja kilihitaji hesabu nzito iliyochosha hata kompyuta za wakati ule. Hapo wakakumbuka jambo la van de Hulst: kila wimbi la mviringo unaweza kulifikiria kama miale inayopita umbali fulani kutoka kitovu cha tufe. La kwanza linapita karibu na kitovu, la mia linapita mbali zaidi. Kwa hivyo ukitaka kujua kitelezi cha mia kiwe juu kiasi gani, uliza tu: mwale wangu una mwanga kiasi gani kwenye umbali ule? Ni makadirio, lakini kwa mwale wa kawaida wa leza yanafanya kazi vizuri ajabu, na hesabu inakimbia.

Mwanga uliofinyangwa

Kumbe leza ya kawaida, yenye mwanga mwingi katikati na unaofifia pembeni, ilikuwa mwanzo tu. Watu wakaanza kuufinyanga mwanga kama udongo.

Mwaka wa 1987 James Durnin na wenzake, Rochester, Marekani, walionyesha mwale unaoitwa wa Bessel. Ukiukata kama mua, unaona nukta katikati imezungukwa na mizingo. Ajabu yake ni kwamba nukta ya katikati haipanuki haraka kama leza nyingine, na ukiweka kizuizi kidogo njiani, mwale unajijenga tena mbele yake, kwa sababu mwanga wa mizingo ya pembeni unaendelea kuingia katikati. Mwaka wa 2002 watafiti wa St Andrews, Scotland, walitumia mwale wa aina hii kushika chembe katika sehemu mbili tofauti kwa wakati mmoja: ya kwanza inaushika mwanga, mwanga unajirekebisha, unashika ya pili.

Huyo Bessel aliyepewa mwale hakuwahi kuuona. Friedrich Bessel aliishi karne ya 19, na hesabu zake za mizingo zilikuja kutumiwa na watu wengine baadaye. Aliacha shule akiwa na miaka 14 kwenda kufanya kazi kwa kampuni ya biashara mjini Bremen, akajifundisha hesabu na elimu ya nyota usiku. Mimi pia niliacha chuo, na najua kuna mtu ataichukua hii kama ruhusa. Si ruhusa. Jamaa aliacha darasa, hakuacha kusoma.

Mwaka wa 1992 Les Allen na wenzake wa Leiden, Uholanzi, walionyesha kwamba kuna miale inayojisokota kama skrubu ikisonga mbele, na katikati yake kuna shimo la giza. Mwale kama huo unabeba mzunguko. Mwaka wa 1995 watafiti wa Queensland, Australia, waliupiga kwa vijichembe vinavyonyonya mwanga, na vijichembe vikaanza kuzunguka. Mwanga unazungusha kitu, kama maji ya paipu pembeni mwa mpira.

Na kushika? Hiyo ni ya Arthur Ashkin wa Bell Labs. Mwaka wa 1970 aliona leza ikisukuma matufe madogo ya plastiki majini, na si kuyasukuma tu, ikiyavuta katikati ya mwale pale mwanga ni mkali zaidi. Tufe linapinda mwanga kama lenzi, mwanga ukipindishwa huku, tufe linasukumwa kule. Mwaka wa 1986, pamoja na wenzake watatu, akaonyesha kwamba mwale mmoja uliokazwa vizuri unashika tufe na kulikalisha pale. Koleo la mwanga. Mwaka uliofuata alikuwa anashika bakteria hai. Mwaka wa 1993 wengine wakatumia koleo hilo kupima kinesini, protini inayobeba mizigo ndani ya seli zetu, na wakaona inatembea kwa hatua za nanometa 8. Yaani ndani yako kuna mabeba mizigo kama wa Marikiti, na mwanga umehesabu hatua zao. Nobeli ya Ashkin ilikuja 2018, akiwa na miaka 96.

Na hii inatuhusu wapi

Inatuhusu kwa damu. Wale wa umri wangu tulikua tukisikia watu wazima wakitaja neno moja kwa sauti ya chini: CD4. Ya kwake iko 180. Ya huyu imepanda. Miaka ya kwanza ya dawa za ARV, mgonjwa ambaye hakuwa bado na dalili kubwa alisubiri mpaka namba yake ishuke chini ya 200 ndipo aanzishiwe dawa. Baadaye kiwango kikapandishwa, na mwaka wa 2015 Shirika la Afya Duniani likasema kila mwenye virusi aanze bila kungoja namba.

Namba hiyo ilitoka wapi? Mashine nyingi zilizoitoa zilifanya hivi: seli za damu zinapangwa foleni ndani ya kijito chembamba cha maji, zinapita mbele ya leza moja baada ya nyingine. Kila seli inatawanya mwanga. Mwanga unaotupwa mbele unaeleza ukubwa wake, unaotupwa pembeni unaeleza yaliyomo ndani. Hapo mashine inatenga aina za seli, na rangi maalum inayong'aa inaonyesha zipi ni za CD4. Seli ikipita pembeni mwa mwale badala ya katikati, inapata mwanga pungufu na kusomwa vibaya. Ndiyo maana kijito kinabanwa seli zipite katikati, na mwale mara nyingi unalazwa uwe mpana upande mmoja na mwembamba upande mwingine. Swali la watu wa Rouen kabisa: umbo la mwale, na mahali tufe lilipo.

Kwa hivyo kulikuwa na mama, Kisumu au Kibra au Mombasa, ambaye siku ya kuanza dawa iliamuliwa na mwanga uliotawanywa na vitu vya mviringo. Aliijua namba yake kwa kichwa kuliko namba ya simu. Nauliza tu: ni nani aliyewahi kukaa chini na kumweleza, kwa lugha anayoota nayo, hiyo namba inapatikanaje?

Hapo ndipo narudi kwa yule wa kusema tuachane na Kiswahili kwa sayansi. Anadhani shida ya Lorenz ilikuwa kuandika kwa lugha ya kwao. Mimi naona Lorenz hakukosea kitu. Wadenmark walistahili kusoma kazi ya mtu wao, na hesabu yake ilikuwa kamili, ikakaa mahali pake ikingoja haja ifike. Mie aliandika kwa lugha ya wakubwa na akangoja vilevile. Kilichokosekana ni mtu wa kati: anayesoma huku na kuleta kule. Logan alikuwa mtu wa kati. Wale wa Rouen walikuwa watu wa kati mara mbili, walileta wazee kwa leza, na wakatoka kwa Kifaransa hadi kwa Kiingereza bila kuona aibu ya lugha yoyote.

Na tusidanganyane eti maneno hakuna. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia TUKI, kilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia kwa Kiswahili mwaka wa 1990. Ni zaidi ya miaka 30. Maneno yako hapo, hayana kazi. Na pale hakuna neno, tunaunda, kama tulivyounda "simu ya mkononi" na maisha yakaendelea.

Ombi langu ni dogo. Kama uko chuo unasoma fizikia, maabara, udaktari, uuguzi, chukua kitu kimoja unachokijua vizuri na ukieleze kwa Kiswahili kwa mtu mmoja nyumbani. Si lazima klipu, si lazima likes. Mweleze nyanya yako kwa nini ukungu ni mweupe. Mweleze shangazi mashine ilisomaje damu yake. Akikuuliza swali ukakwama, rudi ukasome.

Na ukifika mahali kitabu kimeandika "Mie" peke yake, chukua kalamu uongeze Lorenz mbele. Bila T.